Mashine ya kukereza iliyochoka: uitengeneze, uiboreshe au ununue nyingine?

Mafundi wanaoishi kwa kukereza mbao hapa Arusha na Moshi, wawe wa miguu ya vitanda, nguzo za ngazi au mabakuli ya kuuzia watalii, hufika mahali pamoja. Mashine inaanza kuguruma vibaya, au inatetemeka mpaka patasi inaacha mistari ambayo msasa hauimalizi, au mteja analeta kazi inayotaka mwendo wa polepole ambao mashine haina. Hapo ndipo utasikia, "Hii ni ya tangu enzi za mzee, imekwisha, bora nijichange ninunue mpya."

Umri usikusumbue. Mashine ya kukereza ina sehemu chache sana zinazochakaa, na nyingi kati ya hizo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri mjini. Beringi hubadilishwa, mkanda hubadilishwa, mota hubadilishwa. Vitu viwili tu ndivyo vigumu kubadilisha: kitanda, yaani ule mwili wote unaobeba kichwa (upande wenye spindo) na mkia (upande wa pili wenye ncha), na spindo, ile shafti inayozungusha mbao, pamoja na nyuzi zake. Hivyo viwili vikiwa vizima, una mashine. Vikiwa vibovu, hata ukifunga mota ya dhahabu bado una kimeo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye kitanda kizito cha chuma cha kusubu na spindo iliyonyooka asiuze, aboreshe. Mwenye mashine nyepesi ya vyuma vilivyochomelewa, spindo yake ni kipande cha shafti kilichofungwa tu chaki ya drili, yaani kibanio cha taya, anunue nyingine, ila si ile ya kwanza atakayoonyeshwa dukani. Katikati ya hao wawili kuna watu wengi, na hao ndio ninaowaandikia zaidi.

Kagua kwanza

Legeza mkanda uutoe kwenye puli, kisha zungusha spindo kwa mkono. Ikizunguka kimya na kuendelea kidogo yenyewe, vizuri. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, beringi zimekufa, na hilo ni jambo dogo. Sasa funga kwenye spindo bamba la uso, ile sahani ya chuma ya kushikia mbao, ulishike kwa nguvu au ulifunge kipande cha mbao kama nusu mita kiwe mkono wa kunyanyulia. Nyanyua, kandamiza, vuta kwako, sukuma. Kidole cha mkono mwingine kiwe kimegusa pale spindo inapotokea kwenye kichwa. Mchezo wowote utausikia kwa kidole kabla jicho halijauona.

Mchezo una sababu tatu, na bei zake hazifanani. Ya kwanza ni beringi yenyewe: fungua, soma namba ubavuni, nenda dukani. Namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52 na unene 15. Namba 6206 ni 30, 62 na 16. Ni beringi zilezile zinazoingia kwenye mota na pampu za maji, kwa hiyo hazikosekani. Chagua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, zilizoandikwa 2RS, kwa sababu vumbi la mbao hupenya kwenye zile za kifuniko cha bati.

Sababu ya pili ni nyumba ya beringi kutanuka, kiasi kwamba pete ya nje inazunguka ndani ya kichwa. Utaona chuma kimeng'aa mahali ambapo hakikupaswa kung'aa. Fundi wa kukereza chuma anaweza kupanua tundu na kulivika bushi. Ya tatu ni spindo kuliwa pale inapokaa beringi, au kupinda. Hii ndiyo ya kufikiria sana, nitairudia.

Baada ya hapo sogeza mkia hadi ncha yake ikaribiane na ncha ya kichwa. Zikutane. Zikipishana kidogo na wewe kazi yako ni miguu ya meza tu, kazi inayoshikwa pande zote mbili, utaishi na kasoro hiyo miaka mingi bila mteja kugundua. Lakini ukitoboa kwa drili iliyofungwa kwenye mkia, mfano vinara vya mishumaa au vinu vya pilipili, tundu litatoka pana kuliko drili na halitakaa katikati. Kabla ya kulaumu mashine, safisha chini ya mkia. Gundi kavu na maranda yaliyogandamana vimesingizia mashine nyingi nzima.

Mwisho chungulia tundu la koni, linalopokea ncha na drili, kwenye spindo na kwenye mkia. Mdomo wa tundu ukiwa kama milimita 12, hiyo ni koni ya Morse namba 1. Ukikaribia 18, ni namba 2. Namba 2 ndiyo inayotumika zaidi kwenye vifaa vinavyouzwa leo. Namba 1 si ugonjwa, ila utakuwa unatafuta vifaa vyako kwa shida kidogo.

Nyuzi za spindo ndizo zinazoamua kimyakimya

Hapa ndipo watu wengi hawaangalii, na hapa ndipo fedha inapopotea. Chaki ya taya nne zinazojikaza pamoja, ile inayokuwezesha kushika bakuli kwa kisigino, yaani kitako chake, bila kulitoboa kwa misumari, hufungwa kwenye nyuzi za spindo. Ukinunua chaki nzuri halafu nyuzi hazilingani, umenunua pambo la rafu.

Mashine nyingi ndogo zinazotengenezwa sasa zina spindo ya inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Kubwa za Ulaya mara nyingi ni milimita 33, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 3.5. Kubwa za Marekani ni inchi 1¼ kwa nyuzi 8. Ukienda kwa za zamani za Kiingereza, kila moja na lake: Myford ML8 ni inchi 1 kwa nyuzi 12, Graduate ambayo ilijaa kwenye karakana za shule za Uingereza ni inchi 1½ kwa nyuzi 6, na nyingine ndogo ni robo tatu ya inchi kwa nyuzi 16. Zile zilizotengenezwa mtaani zina uzi wowote wa bolti uliokuwa karibu siku hiyo.

Pima kipenyo kwa kalipa, halafu weka rula ubavuni uhesabu vilele vya nyuzi ndani ya inchi moja. Usikisie. Nyuzi 12 na nyuzi 8 kwenye spindo ya inchi moja zote zitapokea mzunguko wa kwanza wa chaki, na mtu mwenye haraka atalazimisha mpaka aziharibu zote mbili.

Nyuzi zikiwa za ajabu, una njia mbili. Moja ni kutengenezewa adapta: kipande kinachoingia kwenye spindo yako kwa nyuma na kutoa inchi 1 kwa nyuzi 8 mbele. Ni rahisi na ni haraka, lakini inaisukuma chaki mbali na beringi, na kila kosa dogo la kukereza adapta linaonekana kubwa kwenye ukingo wa bakuli. Kwa kazi nyepesi inatosha. Njia nyingine ni kukerezewa spindo mpya, inayokaa kwenye beringi zilezile lakini yenye nyuzi za kisasa na koni namba 2. Hii ni kazi ya fundi makini mwenye mashine ya kukereza chuma isiyo na mchezo. Ukiipata vizuri, mashine yako imezaliwa upya, na kila chaki utakayonunua baadaye itahamia hata kwenye mashine nyingine.

Kwa upande huo hatuko pabaya. Arusha ina TEMDO na CAMARTEC, taasisi za serikali za kubuni mashine na zana, Hai kuna Kilimanjaro Machine Tools ambacho ni kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya mashine za karakana, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo miji yote miwili. Sisemi ubebe spindo moja ukapige hodi TEMDO. Ila pita mtaa wa Unga Limited, Arusha, ulizia, angalia kazi ambazo fundi amekwishatoa, na umpelekee mchoro wenye vipimo badala ya maneno. Mpelekee na chaki yenyewe, aijaribu hapohapo kabla hajaitoa spindo kwenye mashine yake. Akikwambia "Acha tu hapa kaka, utaikuta tayari" bila kupima chochote, mshukuru na uendelee na safari.

Hesabu iko hivi: kama gharama ya spindo mpya na beringi inakaribia nusu ya bei ya mashine nyingine nzuri, na kitanda chako ni chepesi, acha. Kama kitanda ni kizito, lipa.

Mwendo: shafti ya kati au invata?

Mashine nyingi za zamani zina puli za ngazi tatu au nne, na mwendo wake wa chini kabisa hauteremki vya kutosha. Mota ya kawaida ya nguzo nne za sumaku kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka kama mara 1,420 kwa dakika ikiwa na mzigo. Kuna mafundi waliofunga kazi moja kwa moja kwenye mwendo huo, puli sawa kwa sawa. Kwa mguu wa stuli hakuna tatizo. Kwa bakuli la sentimita 30, ukingo wake unakimbia kilomita 80 kwa saa, mwendo wa basi linalokwenda Dar, na wewe umesimama hatua moja kutoka hapo.

Kanuni ambayo wakereza wengi huitumia: zidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 linataka mizunguko 500 hadi 750, na hiyo ni likishakuwa duara. Gogo bichi la mjakaranda lililokatwa kwa msumeno wa mnyororo, upande mmoja mzito kuliko mwingine, lianze chini zaidi ya hapo, 300 na kitu. Nguzo ya ngazi ya inchi mbili na nusu kwa kanuni hiyohiyo inaruhusu zaidi ya 2,400, na kwa kweli 2,000 inatosha.

Kwa hiyo mkereza wa nguzo na miguu hahitaji kidhibiti mwendo. Narudia kwa sababu kila mtu anakitamani. Puli mbili zilizochaguliwa vizuri zinammaliza, na fedha iliyobaki inunue patasi za chuma kigumu na jiwe zuri la kunolea. Wa mabakuli ndiye anayehitaji, na ana njia mbili za kulinganisha.

Shafti ya kati ni ya bei ndogo. Unaweka shafti kati ya mota na spindo, yenye puli mbili. Puli ya inchi 3 ya mota inavuta ya inchi 6 kwenye shafti, mwendo unashuka hadi 710. Puli ya inchi 3 ya pili inavuta ya inchi 6 kwenye spindo, unapata 355. Nguvu ya kusokota inapanda kadiri mwendo unavyoshuka, kwa hiyo gogo haliisimamishi mashine. Inatumia mota uliyonayo, ya umeme wa njia moja, yenye kapasita. Hakuna elektroniki ya kuungua. Kasoro ni kwamba kila kubadili mwendo unazima, unafungua mlango, unahamisha mkanda. Na mikanda ni miwili, kelele nayo ni ya mikanda miwili.

Invata inaleta raha ya kweli. Inachukua umeme wa njia moja wa volti 230 kutoka kwenye soketi yako na kutoa wa njia tatu, na unazungusha kitufe mwendo unapanda au kushuka huku bakuli linazunguka. Pale mtetemo unapoanza, unaupita kwa kupunguza kidogo. Tena inaiwasha mota taratibu. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida, na jirani anaona taa zinafifia.

Lakini invata ina masharti. Haiendeshi mota ya njia moja yenye kapasita. Lazima uwe na mota ya njia tatu. Soma kibati chake: kiandikwe 230/400, au 220/380 kwa za zamani. Fungua kisanduku cha nyaya utakuta misumari sita ya nyuzi kwa safu mbili. Vibati vya shaba vikiwa vimelala na kuunganisha misumari mitatu ya safu moja, mota imefungwa kwa nyota, na kwa invata ya volti 230 itakuwa dhaifu. Vigeuze visimame, kila kimoja kiunganishe msumari wa juu na wa chini yake. Huo ndio mfungo wa pembetatu. Kibati kikisema 400/690, mota hiyo haikufai, hata ikiwa imetolewa bure.

Sharti lingine: ukishusha mwendo kwa invata peke yake, nguvu za farasi zinashuka pamoja na mwendo, na feni ya mota inayozungushwa na shafti yake inapuliza kidogo tu. Ukikereza bakuli kubwa muda mrefu kwenye hezi 12 au 15, mota inachemka. Usitupe puli zako. Weka mkanda kwenye ngazi ya chini kwa mabakuli na ngazi ya juu kwa vitu vyembamba, kisha invata ifanye marekebisho ya katikati. Na usiweke swichi ya kawaida kati ya invata na mota. Kuwasha na kuzima kufanyike kwenye invata yenyewe. Iweke ndani ya sanduku linalopitisha hewa bila kupitisha vumbi, mbali na mahali maranda yanapoangukia.

Kuna anayeuza kidude kinachofanana na cha kufifisha taa, akasema kinapunguza spidi ya mota yoyote. Kwa drili ya mkono yenye kaboni, sawa. Kwa mota ya kapasita, utaiunguza.

Jambo moja kabla ya yote hayo: pima volti kwenye soketi ya karakana huku mashine inafanya kazi. Ikishuka chini ya 207, yaani asilimia 10 chini ya 230, shida yako iko kwenye waya, na mota mpya nayo itachoka vilevile. Karakana za pembezoni, kule nyaya zinakovutwa mbali kutoka kwenye nguzo, ndizo zinazougua hivi, na mwenye karakana anadhani mashine imezeeka.

Swichi, kwa njia yoyote utakayochagua

Umeme unakatika ukiwa na patasi mkononi. Unaacha, unakwenda kunywa chai. Umeme unarudi na mashine yenye swichi ya ukutani inaanza kuzunguka peke yake, pengine mtoto amesimama karibu. Funga swichi inayojikata umeme unapopotea na isiyowaka mpaka uibonyeze tena. Inauzwa, si ghali, na ndiyo ya kwanza kununua hata kama mengine yote yatasubiri. Weka na kitufe kikubwa chekundu mahali goti au nyonga inafika, maana mikono huwa haina nafasi.

Wenye invata waongeze tahadhari moja: usiizoeshe kufunga breki kali wala kuzunguka kinyume kama chaki yako haina skrubu ya kuizuia. Spindo ikisimama ghafla, chaki nzito inaendelea kuzunguka na kujifungua yenyewe.

Ukinunua: ndogo mpya au kubwa kuukuu

Sababu moja ya kununua haina ubishi: ukubwa. Mashine yako ikipokea kazi ya inchi 8 na wateja wanataka sahani za inchi 14, hakuna mota wala invata itakayoongeza kimo, yaani upana wa kazi inayoweza kuzunguka juu ya kitanda. Wapo wanaoweka vitalu chini ya kichwa na mkia kuinua vyote viwili. Inawezekana kwa kazi nyepesi, lakini unainua mtetemo pamoja na kichwa.

Ndogo mpya za mezani, nyingi za kutoka China, huwa na kimo cha inchi 10 au 12, uzito wa kilo 35 hadi 50 hivi, koni namba 2 na spindo ya inchi 1 kwa nyuzi 8. Uzuri wake: unaitoa kwenye boksi leo, unakereza kesho, vifaa vyote vinaingia. Zenye kidhibiti mwendo cha elektroniki zinafurahisha sana kwa kalamu, vishikio vya funguo, vikombe na vibakuli. Ubaya wake ni uzito. Duara la mninga mkavu la sentimita 30 kwa unene wa 10 lina kilo 4 na zaidi. Bichi lina zaidi ya hapo. Lifunge upande mmoja mzito kwenye mashine ya kilo 40 iliyowekwa juu ya meza ya mbao laini, uone itakavyotembea. Tiba ni meza nzito iliyofungwa sakafuni kwa bolti, na mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini. Bila hivyo umenunua mtetemo mpya kuondoa mtetemo wa zamani.

Muulize muuzaji swali moja tu: "Bodi ya umeme ya hii ikifa, unayo?" Akianza kukusifia rangi, umeshajibiwa. Mashine ya chuma na mkanda hutengenezwa na fundi yeyote. Ya bodi inamsubiri mwenye bodi.

Kubwa kuukuu kutoka nje ndiyo chaguo ninalolipenda kwa anayekereza kila siku, ila linataka subira. Zinaingia kupitia Dar, au Nairobi na Namanga, au Mombasa na Holili, na kwenye bei ya mwenye mali utaongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Muombe picha ya kibati cha mota na picha ya spindo yenye rula ubavuni. Ya Uingereza au Ujerumani itakuwa ya hezi 50 kama sisi. Ya Marekani mara nyingi ni ya volti 120 na hezi 60: mota yake ya kawaida ukiichomeka kwenye soketi yetu inaungua, na hata kwa transfoma itazunguka polepole na kupata joto. Ihesabu kama mashine isiyo na mota. Nyingi za shule na viwanda ni za njia tatu. Hilo lisikutishe, maana invata ndogo ya hadi farasi 3 inazilisha kutoka kwenye umeme wa nyumbani, mradi kibati kinasema 230/400.

Mashine zinazokereza zenyewe kwa kompyuta nazipita haraka. Ni za mwenye oda za mamia ya nguzo zinazofanana na umeme wa uhakika. Kwa oda ya nguzo 12 za ngazi ya nyumba moja, utakuwa bado unapanga programu wakati jirani anapiga vanishi.

Karakana mbili

Chukua fundi wa Pasua, Moshi, anayetengeneza vitanda na sofa kwa msaji na mgrevilea. Mashine yake ina kitanda cha chuma cha pembe kilichochomelewa, kirefu, kimefungwa sakafuni kwa saruji, spindo ina mchezo. Kazi yake yote inashikwa pande mbili. Huyu nisingemwambia anunue kitu. Beringi mpya, bushi kama nyumba imetanuka, ncha ya mkia inayozunguka na beringi badala ya ile iliyosimama inayounguza mbao, swichi salama, basi. Saruji imempa uzito ambao mashine ya dukani haina.

Sasa chukua mwingine wa Sakina, Arusha, anayeuza mabakuli na vinara kwa maduka ya vinyago, mwenye mashine ileile. Kitanda chake kirefu hakimsaidii, mwendo wa chini hana, chaki haiingii. Akijumlisha spindo, mota ya njia tatu, invata na chaki, amefika karibu na bei ya mashine nyingine, na bado kichwa chake ni bati lililochomelewa. Huyu anunue. Kama kazi zake ni chini ya inchi 10, ndogo mpya na meza nzito. Kama ni zaidi, asubiri kubwa kuukuu huku akianza kununua chaki ya nyuzi anazozitarajia.

Mpingo una hesabu yake. Ni mzito kuliko maji, lakini haupatikani kwa upana wa bakuli kubwa, na magogo mengi yana mashimo na nyufa. Kazi yake ni ndogo na ya thamani: vikombe, kalamu, vipande vya ala za muziki. Hapo mashine haihitaji kimo. Inahitaji spindo isiyo na mchezo hata kidogo, mwendo wa kutosha na patasi inayonolewa kila mara, na barakoa, kwa sababu vumbi lake linawasha. Ndiyo maana namshauri mkereza wa mpingo aweke fedha kwenye beringi na spindo kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa kuwa tuko Moshi: mradi wa kupanda mpingo uliowaunganisha Sebastian Chuwa wa hapa Kilimanjaro na James Harris, mkereza kutoka Texas, ulianza mwaka 1996, na chanzo chake kwa upande wa Harris kilikuwa mbao hii hii aliyokuwa akiifunga kwenye mashine yake. Ukikereza mpingo, nunua wenye kibali.

Ukishaamua kuuza ya zamani, iuze pamoja na bamba lake la uso, egemeo la patasi na ncha zake zote. Usibakize bamba ukidhani litakufaa: nyuzi zake haziingii kwenye mashine mpya, na mnunuzi asipolipata itabidi atengenezewe, kwa hiyo atakukata zaidi ya thamani ya kile chuma. Ila kama karakana ina nafasi na hukuipata bei, ihamishie ukutani uifunge gurudumu la msasa na la kung'arishia. Utaacha kufungua chaki kila unapotaka kunoa.